Viongezo na Mtanuko wa Joto katika Kauri za Moto Mkali: Mwongozo Kamili kwa Karakana

Rafu ya tanuru ikipasuka katikati, udongo wa ndani wa jiko la makaa ukitoka nyufa baada ya wiki chache, au chungu cha kuyeyushia shaba kikilia "ta!" wakati kinapoa, chanzo huwa ni kimoja. Sehemu moja ya kauri imetanuka au kusinyaa kuliko iliyo jirani yake, na kauri haijui kunyumbuka. Chuma hupinda, kauri hukatika.

Dawa inayotajwa kila mara ni kuongeza kitu kwenye udongo: mchanga, talki (jiwe laini lenye magnesia), feldispa (jiwe lenye soda au potashi), unga wa vigae, alumina (oksidi ya alumini). Wengi huongeza kwa kusikia. Mmoja ataapa kwamba silika, kile kitu kikuu cha mchanga, hupunguza kutanuka, mwingine ataapa kwamba huongeza, na wote wawili wanaweza kuonyesha vyombo vya kuthibitisha wasemacho. Wote wanasema kweli, kwa sababu kiongezo hakihesabiwi kwa jinsi kilivyoingia ndooni, kinahesabiwa kwa kile kilichogeuka kuwa ndani ya moto. Silika iliyoyeyuka ikawa kioo hutanuka kidogo kuliko karibu kitu chochote katika karakana yako. Silika ileile ikibaki kama fuwele za kwatzi hutanuka mara nyingi zaidi, tena kwa mruko. Shika jambo hilo moja, na mengine yote katika mwongozo huu yatafuata.

Namba tutakayoifuata

Kutanuka hupimwa kwa kizigeo cha mtanuko: urefu unaongezeka kwa sehemu ngapi za milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Nikiandika "alumina 8", maana yake ni sehemu 8 za milioni kwa kila nyuzi. Hizi ni thamani za kawaida za vitu utakavyokutana navyo, zikiwa wastani wa masafa marefu ya joto:

Magnesia 13 hadi 14. Zirkonia iliyotulizwa, karibu 10. Alumina, karibu 8. Tofali la kawaida la moto 5 hadi 6. Mulaiti (fuwele za alumina na silika), zaidi kidogo ya 5. Zirkoni na kabaidi ya silikoni, kati ya 4 na 5. Kodieraiti (fuwele za magnesia, alumina na silika), takriban 2. Spodumini ya beta (fuwele zenye lithi), karibu 1. Kioo cha silika tupu, nusu tu.

Ili namba hizi zisibaki hewani, chukua rafu ya milimita 400 uipandishe kutoka nyuzi 25 hadi 1,225. Ya alumina itarefuka kwa milimita 3.8. Ya kodieraiti haifiki hata milimita moja. Ingekuwa ya magnesia, ingerefuka milimita 6.5, na ukingo wake ungeweza kugusa ukuta wa tanuru.

Ila mtanuko mdogo peke yake hauokoi chombo. Kinachoamua kama kauri itahimili mshtuko wa joto ni uhusiano huu: chukua nguvu ya kustahimili mvuto, izidishe kwa (1 kutoa uwiano wa Poisson, yaani kiasi kitu kinavyokuwa chembamba kikivutwa), kisha gawanya kwa zao la modulo ya Young (kipimo cha ukakamavu) na kizigeo cha mtanuko. Jibu linakuja kwa nyuzi, na ni makadirio ya mruko wa joto ambao kauri inaweza kuuvumilia katika hali mbaya kabisa ya kupozwa papo hapo. Alumina nzuri yenye nguvu ya megapaskali 300, modulo ya gigapaskali 380, uwiano wa Poisson 0.22 na mtanuko 8 hupata nyuzi 77 tu. Kodieraiti yenye vinyweleo, dhaifu wa megapaskali 20 lakini modulo yake ni gigapaskali 30, uwiano 0.25 na mtanuko 2, hupata 250. Yaani kitu kilicho dhaifu mara kumi na tano kinavumilia mruko mara tatu zaidi. Hesabu hii nawasihi wanafunzi wa uhandisi waifanye kwa mkono wao wenyewe, maana huondoa ile imani kwamba kauri ngumu zaidi ndiyo bora zaidi kwa moto.

Hatua ya kwanza: andika kazi ya chombo

Kabla ya kugusa udongo, andika mambo matatu: joto la juu kabisa ambalo chombo kitafikia kazini (si la kuchomea), kasi ya kupanda na kushuka kwa joto hilo, na kitu kitakachogusana nacho, kama chuma, gleizi (tabaka la kioo linalopakwa juu ya chombo), metali iliyoyeyuka au majivu.

Mfano mzuri uko jikoni kwetu. Jiko la kauri lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980 mwanzoni, lililotokana na jiko la ndoo la Thailand, lina udongo uliochomwa ndani ya ganda la bati. Bati la chuma lina mtanuko wa karibu 12, udongo 5 au 6. Vitu hivyo viwili haviwezi kutembea pamoja, ndiyo maana mafundi waliweka kati yake tabaka laini la saruji na vemikulaiti (madini mepesi yanayozuia joto): tabaka hilo hula tofauti. Hapo hakuna kiongezo cha udongo ambacho kingefanya kazi hiyo vizuri zaidi. Wakati mwingine suluhisho liko kwenye umbo na nafasi, na ni vyema kulijua hilo kabla ya kutumia fedha kwa alumina.

Tazama pia tofauti ya jiko na chungu. Ukuta wa chungu chenye maji au mchuzi hupozwa na kilichomo ndani, na kwa kawaida haufiki nyuzi 573. Udongo wa ndani wa jiko unaogusana na makaa unazipita nyuzi hizo kila unapopikwa ugali, kisha unazipita tena ukipoa. Namba 573 itarudi sasa hivi.

Hatua ya pili: ujue udongo ulio nao

Omba uchanganuzi wa kikemia wa udongo wako kutoka maabara ya jiolojia au chuo kilicho karibu. Unachotafuta ni silika, alumina, magnesia, chokaa, soda, potashi na chuma. Kama huwezi kuupata, fanya majaribio mawili ya karakana.

La kwanza ni la mchanga. Pima kilo moja ya udongo mkavu, uloweke hadi uyeyuke kabisa, uuchuje kwa chungio la meshi 200 (matundu ya takriban milimita 0.075), ukaushe kilichobaki juu na ukipime. Sehemu kubwa ya mabaki hayo huwa ni kwatzi. Ikizidi asilimia 20, umeshapata mtuhumiwa wako wa kwanza.

La pili ni la chokaa: dondoshea asidi ya chumvi iliyozimuliwa, au hata siki kali, juu ya udongo mkavu. Ukitoa povu, una chokaa. Chokaa huharibu mpango wowote wa kutengeneza kodieraiti, na vipande vyake vikubwa hufyatuka baada ya kuchomwa vinaponyonya unyevu.

Hatua ya tatu: chagua kiongezo kwa kutazama kitakachogeuka kuwa

Hapa ndipo penye kazi yenyewe.

*Kwatzi na ndugu zake.* Fuwele za kwatzi hubadili mpangilio wao kwenye nyuzi 573. Kutoka joto la kawaida hadi kuuvuka mstari huo, kwatzi hurefuka kwa karibu asilimia 1.5, na sehemu ya urefu huo huja kwa mruko wa ghafla. Ikipoa, inarudi. Udongo unaoizunguka haurudi kwa kiasi hicho, hivyo kila punje ya mchanga hujichonga mwanya wake.

Wafinyanzi wetu wa jadi huweka mchanga kwenye vyungu vya kupikia, na hawakukosea. Chungu kilichochomwa kwa moto mdogo kina nyufa ndogo mno kuzunguka punje za mchanga, na ufa mkubwa unapoanza kukimbia hukutana na nyufa hizo ukachoka na kusimama. Chungu kinakuwa dhaifu kidogo lakini hakipasuki vipande viwili. Kwa kuwa kazini hakifiki 573, mwanya huo haukui. Mchanga huohuo ukiwekwa kwenye udongo wa jiko la makaa, utavuka mstari kila siku, mwanya utapanuka kila siku, na baada ya muda udongo utamomonyoka. Mchanga ule ule, udongo ule ule, kazi tofauti. Kwa jiko, badilisha mchanga kwa chenga za vigae: udongo uleule uliochomwa kwanza ukasagwa. Chenga zina mtanuko unaolingana na mwili wenyewe, na pia hupunguza kusinyaa wakati wa kukausha.

Hatari kubwa kuliko kwatzi ni kristobalaiti. Hii huzaliwa pale silika laini inapokaa muda mrefu juu ya nyuzi 1,100 hivi bila kuyeyushwa. Mruko wake uko karibu na nyuzi 220 hadi 270, na ni wa karibu asilimia 1 kwa urefu. Joto hilo ni la chini sana. Chombo hulivuka hata kwenye oveni ya mkate. Kuweni waangalifu na vyanzo viwili vinavyopatikana kwa urahisi Afrika Mashariki. Daiatomaiti, kama ile ya Kariandusi karibu na Gilgil, na majivu ya maganda ya mpunga, vyote ni silika isiyo na fuwele vikiwa vimechomwa kwa moto wa chini, na watu huvipenda kwa wepesi wake. Ukivipeleka moto mkali, hasa vikiwa na soda, hugeuka kristobalaiti. Matofali yanayozuia joto yaliyotengenezwa hivyo huwa mazuri mno hadi siku yanapochomwa kupita kiwango chake.

*Feldispa.* Mtu akisoma jedwali ataona kwamba soda na potashi huongeza mtanuko wa kioo, na atahitimisha kwamba feldispa ni mbaya. Katika udongo wa mawe unaochomwa 1,200 hadi 1,280, feldispa huyeyuka na kuimeza silika laini, ikaigeuza kioo kabla haijawa kristobalaiti. Kioo kinachotokea kina mtanuko mkubwa kidogo kuliko kioo kitupu, lakini mruko wa kwenye nyuzi 220 unatoweka. Kwa chombo cha oveni, hilo ni jambo la kushukuru. Kwa kifaa cha tanuru kinachorudi 1,250 kila wiki, feldispa hiyohiyo italainika na rafu itapinda. Kiasi cha asilimia 3 hadi 5 kinaweza kutosha kuua kristobalaiti, usikimbilie 20.

*Kodieraiti: talki, kaolini na alumina.* Hii ndiyo njia kuu ya kupunguza mtanuko kwa bei inayowezekana. Fuwele ya kodieraiti ina magnesia asilimia 13.8, alumina 34.9 na silika 51.4 kwa uzito. Siri yake iko kwenye umbo: ikipashwa joto, hutanuka kwa upande mmoja na kusinyaa kidogo kwa upande mwingine, hivyo kwa jumla karibu haisogei. Wahandisi wa kampuni ya Corning nchini Marekani, Irwin Lachman, Ronald Lewis na Rodney Bagley, waliitumia miaka ya 1970 kutengeneza sega la kauri linalosafisha moshi wa magari. Lachman na Lewis waligundua kwamba kaolini (udongo mweupe safi) yenye vipande bapa, ikisukumwa kupitia matundu membamba, hulala upande mmoja, na fuwele za kodieraiti zinazozaliwa hufuata mlalo huo, mtanuko ukashuka zaidi. Kwa hiyo hata namna ya kufinyanga ni aina ya kiongezo.

Kwa malighafi safi, hesabu inatoa takriban talki 40, kaolini 47 na alumina 13 kwa kila mia. Kaolini ipo nyingi kwenye vilima vya Pugu nje ya Dar es Salaam. Magnesia inaweza pia kutoka kwenye magnesaiti kama ya Chambogo, wilayani Same, badala ya talki. Basi itabidi urudishe silika iliyokuwa ikiletwa na talki, na ukumbuke kwamba magnesaiti hupoteza karibu nusu ya uzito wake motoni. Jiwe kuitwa jiwe la sabuni hakuthibitishi kwamba ni talki. Dai namba ya magnesia: talki safi ina karibu asilimia 32. Ikiwa chini ya 25, au chokaa ikizidi asilimia 1 au 2, tafuta kwingine, maana chokaa, soda na potashi huacha kioo chenye mtanuko mkubwa kati ya fuwele, na faida yote inapotea.

Sharti lake gumu ni moto. Kodieraiti hujengeka vizuri kuanzia nyuzi 1,300 hivi na huanza kuvunjika na kuyeyuka karibu na 1,460. Ukichoma 1,150 ukidhani umepata kodieraiti kwa sababu talki imo, umepata mchanganyiko wa fuwele nyingine zenye mtanuko mkubwa. Kwa karakana ambayo tanuru lake haliendi mbali, nunua au omba rafu za tanuru zilizovunjika, zisage, uzitumie kama chenga. Kodieraiti iliyokwisha kuzaliwa haihitaji kuzaliwa tena. Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kuliko zote kwa mafundi wa majiko, na sioni kwa nini vigae hivyo vitupwe jalalani.

*Lithi: petalaiti na spodumini.* Petalaiti ya Bikita, Zimbabwe, imejulikana miongoni mwa wafinyanzi duniani kwa miongo mingi. Ikichomwa, hugeuka kuwa fuwele za jamii ya spodumini ya beta zenye mtanuko wa karibu 1, na kwa mwili wenye petalaiti asilimia 40 hadi 60 uliochomwa karibu 1,250 unaweza kupata chombo cha kuwekwa moja kwa moja juu ya moto. Spodumini mbichi ni kitu kingine: kwenye nyuzi 1,080 hivi huvimba kwa karibu asilimia 30 ya ujazo, hivyo lazima ichomwe kwanza ndipo itumike. Lithi ikizidi, mwili huyeyuka kwa ghafla bila kuonya. Na kwa kuwa vyombo hivi vinabeba mafuta ya moto mbele ya watu, usiuze hata kimoja kabla ya majaribio ya hatua ya saba.

*Alumina, mulaiti na kayanaiti.* Unga wa alumina asilimia 10 hadi 20 kwenye udongo wa moto haushushi sana mtanuko, lakini hukamata silika huru na kujenga mulaiti, mstari wa kutanuka ukawa ulionyooka bila mruko. Mara nyingi mstari ulionyooka una thamani kuliko namba ndogo. Kayanaiti, iliyochimbwa karne iliyopita kwenye kilima cha Murka huko Taita-Taveta, nayo hugeuka mulaiti na silika juu ya nyuzi 1,300 hivi, ikivimba kwa asilimia 16 hadi 18 ya ujazo. Kuvimba huko ni kwa kudumu, hutokea mara moja na hakurudi. Usikuchanganye na mtanuko wa joto unaokwenda na kurudi. Watengenezaji wa matofali hutumia kayanaiti mbichi makusudi ili kuvimba kwake kufute kusinyaa kwa udongo.

*Zirkonia na titaneti ya alumini.* Nitazipitia kwa haraka, kwani si za karakana ndogo. Zirkonia tupu ikipoa kupitia nyuzi zaidi kidogo ya 1,000 hubadili fuwele na kuvimba kwa asilimia 4 hadi 5 ya ujazo, ikajivunja yenyewe. Itria, chokaa au magnesia huingia ndani ya fuwele na kuituliza. Takriban asilimia 8 ya itria kwa hesabu ya moli huiondoa kabisa tabia hiyo. Titaneti ya alumini ina mtanuko wa karibu 1 au chini yake kwa sababu imejaa nyufa ndogo zinazojifunga ikipata joto. Tatizo lake ni kwamba kati ya nyuzi 800 na 1,280 hivi hurudi kuwa alumina na titania. Magnesia, oksidi ya chuma au silika kidogo huichelewesha.

Hatua ya nne: piga hesabu kabla ya kuchanganya

Kwa makadirio ya kwanza, zidisha kizigeo cha kila sehemu kwa sehemu yake ya ujazo, kisha jumlisha. Udongo wa moto wenye 5.5 ukichukua asilimia 70 na chenga za kodieraiti zenye 2 asilimia 30, unapata 3.85 jumlisha 0.6, sawa na 4.45. Kumbuka ni ujazo, si uzito. Matokeo ya kweli yataegemea zaidi upande wa kitu kilicho kigumu zaidi, na nyufa ndogo zinaweza kuyashusha. Hata hivyo makadirio haya yanakuzuia usipoteze mwezi mzima kwa mchanganyiko ambao haukuwa na njia ya kufika unakotaka.

Hatua ya tano: saga, changanya, finyanga

Ukubwa wa punje hubadili kila kitu. Ukitaka kiongezo kiyeyuke au kizae fuwele mpya, kisage kiwe laini, kipite meshi 200. Ukitaka kibaki kama kilivyo na kuzuia nyufa, kiwe chenga za nusu milimita hadi milimita 2 au 3. Silika laini inatafuta kuwa kioo au kristobalaiti. Silika nene inabaki kwatzi. Kwa rafu ya kodieraiti, chenga zilizochomwa asilimia 50 hadi 60 ndani ya mchanganyiko mbichi wa talki, kaolini na alumina ni mwanzo mzuri.

Pima kwa mizani. Mabakuli na vijiko vya kujazia havifai hapa. Changanya vikavu kwanza, kisha ongeza maji, acha mchanganyiko ulale siku moja au zaidi. Finyanga vipande vya milimita 100 kwa 10 kwa 10, angalau kumi kwa kila mchanganyiko, pamoja na kumi visivyo na kiongezo. Bila vile vya kulinganishia, hutajua kama ni kiongezo au ni tanuru.

Vaa barakoa ya kuchuja vumbi laini, si kitambaa. Vumbi la silika huharibu mapafu kwa kudumu, na talki nyingine huwa na nyuzi za asbesto; dai cheti cha muuzaji. Fagia kwa maji. Kabonati ya bariamu ni sumu, haina nafasi kwenye meza hii.

Hatua ya sita: choma

Panda polepole hadi 600, nyuzi 100 kwa saa au chini ya hapo. Kwa kodieraiti, fika 1,340 hadi 1,370 ukae saa tatu au nne, kwa sababu fuwele zinahitaji muda kuliko zinavyohitaji joto la ziada. Kihisio cha joto cha aina ya K hakidumu kwenye joto hilo. Tumia aina ya S au R, na weka koni za kupimia moto, zinazoinama joto likifika, karibu na vipande. Wakati wa kupoa usifungue mlango kabla ya nyuzi 150. Vipande vingi vinavyodhaniwa vimeharibiwa na kiongezo vimeuawa na mlango uliofunguliwa kwenye 300, palepale kristobalaiti inapoanza kuruka.

Hatua ya saba: pima

Kipimo halisi ni dilatomita, inayosukuma fimbo dhidi ya kipande ndani ya tanuru dogo na kuchora mstari wa urefu dhidi ya joto. Idara nyingi za uhandisi wa vifaa vyuoni zinayo. Peleka vipande vitatu. Usiombe namba moja, omba mchoro. Kilima kidogo karibu na 230 kinasema kristobalaiti. Kilima kwenye 573 kinasema kwatzi. Mstari wa kupoa usiofuata mstari wa kupanda unasema kuna nyufa ndogo ndani.

Bila dilatomita, jaribu mshtuko. Pasha vipande hadi nyuzi 200, vishike nusu saa, vitumbukize kwenye maji ya nyuzi 20, vikaushe, paka wino na ufute. Ufa utabaki na rangi. Rudia kwa vipande vipya kwenye 250, 300, 350. Kisha pima nguvu iliyobaki: laza kipande juu ya nguzo mbili zilizoachana milimita 80, tundika ndoo katikati, mimina maji taratibu hadi kikatike, upime ndoo. Kilo 10 kwa kipande cha 10 kwa 10 ni karibu megapaskali 12. Linganisha na kipande ambacho hakikutumbukizwa. Joto ambalo nguvu inaanguka ghafla ndilo mpaka wa mchanganyiko wako.

Hatua ya nane: rekebisha kimoja kimoja

Kilima cha 573 kikiwa kirefu, toa mchanga, weka chenga za vigae. Kilima cha 230 kikionekana, ongeza feldispa asilimia 3 au alumina laini, au punguza muda wa kukaa juu ya 1,100. Mtanuko ukiwa mkubwa bila vilima, kodieraiti haijazaliwa ya kutosha: kagua moto kwanza, kisha chokaa, kisha uwiano. Nguvu ikiwa ndogo kupita kiasi lakini mshtuko hauishushi zaidi, kiache kipande kilivyo. Hicho ni chombo kizuri kwa kazi ya joto. Usibadilishe vitu viwili kwa mkupuo mmoja.

Kama chombo kitapakwa gleizi

Gleizi inatakiwa kutanuka kidogo chini ya mwili, ili ikipoa ibanwe. Ikizidi mwili, hujaa nyufa nyembamba. Ikiwa chini mno, hubanduka kingoni. Soda ndiyo inayoongeza mtanuko wa gleizi kuliko vingine vyote, potashi ikifuata, kwa hiyo gleizi iliyojengwa kwa magadi itapasuka juu ya karibu kila mwili wa mtanuko mdogo. Badilisha sehemu ya soda kwa magnesia, zinki, lithi au boroni, au ongeza silika laini, ambayo ndani ya gleizi inayeyuka na kushusha mtanuko. Silika hiyohiyo ukiiongeza kwenye mwili badala ya gleizi, huongeza mtanuko wa mwili, na nyufa za gleizi zinapona kwa njia ya pili. Hermann Seger alishaieleza mbinu hiyo Ujerumani katika karne ya 19. Lakini kwa chombo cha kwenda motoni, njia hiyo ya pili inakurudishia kwatzi uliyohangaika kuitoa, kwa hiyo rekebisha gleizi, mwili uache.

Kujua ilivyokaa, finyanga pete ya kipenyo cha milimita 60, paka gleizi upande wa nje tu, choma, chora mistari miwili na upime umbali kati yake. Kata pete katikati ya mistari hiyo kwa diski ya almasi, kisha pima tena. Mwanya ukijifunga, gleizi imebanwa. Ukifunguka, inavutwa na itapasuka, hata kama leo haijapasuka. Kwa miili ya petalaiti na kodieraiti, gleizi za kawaida zenye 6 au 7 hazitakaa kabisa. Acha ndani wazi na usugue vizuri kabla ya kuchoma, au tumia gleizi ya lithi iliyojaribiwa kwa pete.

Rafu za tanuru la kuni zipakwe rojo la alumina na kaolini nusu kwa nusu, na kupakwa upya kila linapoanza kubanduka. Majivu yana potashi, na potashi ikiingia kwenye kodieraiti hugeuka kiongezo ambacho hukukiagiza: fuwele zinavunjika, kioo kinazaliwa, na mtanuko unapanda mwaka hadi mwaka hadi rafu iliyokuwa salama inapasuka.